Pijo ya Baba, na nilichojifunza kwa kuifufua

Baba alifariki Februari 2023. Matanga yalipoisha na jamaa wakarudi Voi, nyumba ya Buruburu, Nairobi, ilibaki na Mama, picha ukutani, na Peugeot 504 ya stesheni wagoni, Pijo yenyewe, iliyokuwa imesimama chini ya mparachichi kwa miezi 14, tangu Baba alipozidiwa asiweze kuendesha. Majani makavu yalikuwa yamejaa kwenye waipa. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekaa chini kabisa. Ukifungua mlango ulipokelewa na harufu ya viti vilivyopigwa jua miaka thelathini, na ndani yake harufu ya zile pipi za tangawizi alizokuwa akiwawekea wajukuu kwenye kisanduku cha dashibodi.

Kaka yangu alishapata mnunuzi: mtu wa vyuma chakavu, shilingi 60,000 taslimu, na lori la kubebea ni lake. Kaka hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amelipa bili za hospitali na alijua hesabu zilivyo. Mimi ndiye niliyekataa, na sababu niliyoitoa mbele ya familia ilikuwa ya machozi tu, haikuwa na hesabu yoyote ndani yake.

Tangu wakati huo nimekutana na watu wengi waliorithi gari la mzazi, na wote huniuliza swali moja: liuzwe au lifufuliwe? Siwezi kumjibia mtu. Naweza tu kusema ilivyokuwa kwangu. Mpaka leo Pijo imenila shilingi 320,000 hivi, na kati ya hizo karibu 135,000 zilikwenda kwa makosa ambayo mtu akiambiwa mapema hayafanyi. Hizo ndizo ninazotaka mwenzangu aziokoe.

Baba alikuwa mwalimu wa sekondari. Aliinunua Pijo mwaka 1991 kwa mkopo wa sako, ikiwa na namba zinazoanza na KAA, herufi zilizokuwa ngeni mjini wakati huo. Watu wa rika lake hawakuichagua kwa sababu ya urembo. Waliichagua kwa sababu ina safu tatu za viti, kwa sababu spring zake za nyuma hubeba watoto watano, shangazi na gunia mbili bila kulalamika, na kwa sababu 504 zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Kenya, kule Mombasa, hivyo spea zilipatikana na kila fundi kuanzia Taveta hadi Busia alikuwa ameshaifungua moja. Matatu za masafa marefu zilikuwa Pijo. Magari ya wakubwa serikalini yalikuwa Pijo. Na Baba alikuwa mpenzi wa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya wakati wa Pasaka. Alitusimulia ushindi wa Ove Andersson wa mwaka 1975 na wa Jean-Pierre Nicolas wa 1978, wote wakiwa ndani ya 504, kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha pembeni akisoma ramani. Gari lililoshinda matope ya Pasaka, alikuwa akisema, halitashindwa na barabara ya Wundanyi.

Kwa hiyo Aprili nikamwita fundi wa mtaani. Akaweka betri mpya, akatia petroli kidogo moja kwa moja kwenye kabureta, akanambia nipige stata. Mara ya nne likawaka. Mama alitoka jikoni na leso yake kiunoni, akasimama mlangoni akisikiliza. Hakusema kitu. Mimi nililia.

Furaha ile ndiyo iliyonipoteza. Gari likishawaka, unadhani limepona. Ukweli ni kwamba gari lililolala zaidi ya mwaka halipaswi kuwashwa kabla ya kumwaga petroli ya zamani na kusafisha tangi, kubadili oili na filta, kubadili maji ya breki, na kukagua kila mpira wa maji kwa kuuminya kwa vidole, maana mpira uliokauka hupasuka siku ya kwanza ya kazi. Sikufanya hata moja. Uchafu wa tangi ukaziba kabureta mara tatu ndani ya wiki mbili, zote Jogoo Road, zote asubuhi watu wakienda kazini.

Kosa la pili lilikuwa rangi. Nilitaka Mama aione Pijo ikiwa vile ilivyokuwa mwaka 1991, nyeupe tupu, kwa hiyo kabla ya kugusa injini nikaipeleka kwa fundi wa bodi, nikalipa 48,000. Ilirudi inang'aa. Nilichokuwa sijui ni kwamba kutu ya chini ya milango haikukatwa. Ilifunikwa kwa puti ya kujazia mashimo na kupakwa rangi juu. Mvua kubwa za Novemba ile ziliingia humo ndani, na kufikia Krismasi rangi ilikuwa imevimba mapovu kama ngozi iliyoungua. Ukipeleka gari la zamani kwa fundi wa bodi, nenda siku ya kukwangua. Kaa pale. Uone bati lililooza likikatwa na bati jipya likichomelewa, ndipo uruhusu puti. Na usianze na rangi. Anza na kinachopoza injini, kisha kinachosimamisha gari, kisha matairi. Urembo una zamu yake, na si ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu kuliko yote.

Juni, nikiwa kwenye foleni, sindano ya joto ilianza kupanda. Fundi yule wa mtaani akafungua, akatoa thamostati, akaiweka kiganjani mwake kunionyesha. "Hii ni ya nchi za baridi, dada. Huku haina kazi." Akafunga bila hiyo, akajaza maji ya bomba, na kweli sindano ikashuka. Niliamini. Nimegundua baadaye kwamba magari mengi ya zamani Nairobi yamefanyiwa hivyo. Lakini thamostati si pambo. Inazuia maji ndani ya injini mpaka yafike joto linalotakiwa, kisha inayaachia kwa kipimo. Na injini ya 504 ina hedi ya aluminiamu, yaani kifuniko chake cha juu, iliyokaa juu ya bloku ya chuma, ambayo ndiyo mwili wake. Ukiitia maji matupu bila kulanti, dawa ya maji ya kupozea, metali hizo mbili zinaanza kulana polepole. Zaidi ya hayo, ugonjwa wenyewe ulikuwa hata haujaguswa. Feni ya gari hili hushikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto, na ile kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku ilikuwa imeisha. Feni ilikuwa inazunguka kwa uvivu tu. Kuitengeneza, nilipokuja kuitengeneza, ilikuwa shilingi 4,000.

Agosti tukateremka Voi, Mama, shangazi, wanangu wawili na mimi. Kuteremka ni rahisi, Voi iko chini. Kurudi ndiko kwenye kazi, maana kutoka Voi hadi Nairobi unapanda zaidi ya mita elfu moja, gari likiwa limejaa watu na mikungu ya ndizi, na malori mbele yako yanatambaa. Karibu na Makindu niliona sindano imeacha mahali pake pa kawaida. Makindu kuna hekalu la Sikh ambako msafiri yeyote hupewa chai na chakula na mahali pa kupumzika, bila kulipa. Tungeweza kuingia, tukae saa nzima, injini ipoe. Nikajiambia tufike Emali kwanza. Tulipofika Emali nikajiambia Sultan Hamud si mbali.

Hatukufika Sultan Hamud. Mvuke ulitoka chini ya boneti kama sufuria iliyofunuliwa, injini ikapoteza nguvu, nikasogea pembeni. Shangazi akawatoa watoto haraka upande wa nyasi. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilikuja na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vimeshakutana. Mama aliangalia kile kijiti kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, baba yako angesimama Makindu."

Bredauni ya kutuvutia gari hadi Buruburu ilikuwa shilingi 20,000. Tulipanda matatu tukiwa na ndizi zetu, na usiku ule niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Wa kufungua injini nilimpata karibu na nyumbani, gereji inayojaa magari ya Kijapani, kijana mwenye heshima na mikono myepesi. Alitoa hedi, akaipeleka kusawazishwa kwa mashine, akaweka gasketi mpya ya kuziba kati yake na bloku, 27,000 jumla. Wiki tatu baadaye oili ikawa chai tena.

Hapo ndipo ndugu yake Baba aliponielekeza kwa mzee mmoja Kirinyaga Road, ambayo watu wa spea bado wanaiita Grogan, anayefanya Pijo peke yake tangu ujana wake. Alisikiliza maelezo yangu, kisha akauliza swali moja: "Aliyefungua hedi, slivu alizishikilia na nini?"

Sikuelewa swali. Akanieleza huku akionyesha kwenye bloku nyingine iliyokuwa juu ya meza. Kwenye injini hii pistoni hazitembei ndani ya bloku yenyewe. Kila moja ina slivu yake, kama bomba fupi, na maji yanazunguka nje ya slivu hiyo. Chini kuna sili inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Kinachoibana slivu isisogee ni hedi. Ukishatoa hedi, kabla hata mtu hajagusa kranki, ule mhimili wa chini ya pistoni, lazima uzifunge slivu kwa vibano, la sivyo ukizungusha injini kidogo tu pistoni inainua slivu, sili ya chini inahama, na hata uweke gasketi ya dhahabu juu, maji yatapita chini. Kijana yule alifanya kazi yake vizuri kwa magari anayoyajua. Hili hakulijua. Kosa lilikuwa langu la kumpelekea mgonjwa asiyekuwa wake.

Nawasihi wenye magari ya zamani: msitafute fundi hodari, tafuteni fundi wa gari lenu. Muulize swali ambalo jibu lake unalijua tayari. Mimi sasa nikikutana na fundi anayedai anaijua 504, namuuliza habari ya slivu.

Mzee alichukua kazi kwa sharti moja, kwamba niwe nakuja Jumamosi kuona. Ilichukua wiki sita na shilingi 88,000, na nadhani 40,000 kati yake zilitokana na ule ufunguaji wa kwanza. Nilisafisha kwa kitambaa sehemu zinapokalia slivu mpaka akaridhika kwamba hakuna hata chembe. Nilimwona akiweka rula juu ya bloku na kupitisha kipimo chembamba kuhakikisha kila slivu imechomoza juu kidogo, kwa kiasi kile kile. Ukutani, kwa chaki, aliandika 1-3-4-2, mpangilio wa kuwaka kwa silinda, akanitaka nichomeke nyaya za plagi mwenyewe. Thamostati mpya iliwekwa. Rejeta ikatiwa moyo mpya kwa 15,000. Kulanti ikaingia.

Nikiulizwa mapenzi yalianza lini, nasema ni kwenye Jumamosi zile. Mwanzoni nililishika gari kwa sababu ya Baba. Lakini kumbukumbu peke yake huchoka. Inakutosha mwezi, miwili, halafu bili inakuja. Kilichonifunga na Pijo ni kuielewa. Nikisikia sauti najua inatoka wapi. Gia iko kwenye usukani, na mkono wangu umejua pale namba tatu inapotaka kusukumwa taratibu. Gari la ofisini kwetu, la juzi juzi, linawasha taa ya manjano na kungoja mtu mwenye kompyuta. Hili linaongea na mimi.

Mzee ndiye aliyeniambia pia niangalie kisanduku cha dashibodi vizuri. Chini ya karatasi za pipi kulikuwa na daftari la Baba. Miaka thelathini ya mwandiko wake wa ubaoni: tarehe, kilomita, oili, plagi, bei. Kwa kuwa mita ina tarakimu tano tu, alikuwa akiandika pembeni imerudi sufuri mara ya ngapi. Mstari wa mwisho, wa Desemba 2021, ulisema: "Breki ya mbele kushoto inavuta. Iangaliwe." Tulipofungua gurudumu hilo tulikuta pistoni ya breki imeganda kwa kutu. Ningelisoma daftari Aprili, ningejua kabla ya kuwapakia watoto wangu.

Kwa hiyo ukirithi gari, kabla ya kumwita fundi, tafuta karatasi. Uliza mjane, uliza dereva wa zamani, uliza jirani aliyekuwa akisaidia kusukuma.

Na karatasi za kisheria pia, ambazo nilizichelewesha vibaya. Kwa miezi mingi niliendesha gari lenye logibuku, hati ya umiliki, ya marehemu na bima iliyolipiwa kwa jina la marehemu. Nilidhani familia ni familia. Kisha matatu ikanikwangua Jogoo Road, mlango ukabonyea, na nilipompigia wakala wa bima nikamweleza hali, akanyamaza kidogo, akanambia nishukuru hakuna aliyeumia, maana nisingekuwa na wa kunisimamia. Nilirudi nyumbani nikaegesha, na sikuitoa tena mpaka mambo yalipowekwa sawa.

Utaratibu wenyewe haufichiki, ni mrefu tu. Unaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Mahakamani mnaomba usimamizi wa mirathi. Kwetu msimamizi akawa Mama, nasi watoto tukatia saini kukubali. Tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati ikitoka bado hujamaliza: kwa kawaida mnasubiri miezi sita ndipo mwombe ithibitishwe, na hati iliyothibitishwa ndiyo inayokuruhusu kuhamisha umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, ukiwa na kitambulisho na PIN ya KRA, ile namba ya mlipakodi. Tungeanza Machi 2023 tungemaliza mapema. Tulianza mwishoni mwa mwaka. Wakili alichukua 35,000. Kilichotukwamisha zaidi ni namba ya injini: Baba aliibadili injini mwaka 1998 na hakuiandikisha, kwa hiyo ikabidi ukaguzi na maelezo ya ziada. Fungua boneti na usome namba ya injini na ya chasisi, ulinganishe na logibuku, siku ile ile unayoamua kulibakisha gari. Vibao vipya vya namba, vya kuakisi mwanga, nililipia 3,000, na bima ni ya mtu wa tatu peke yake. Kampuni nilizouliza hazikutaka kutoa bima kamili kwa gari la umri huu. Maana yake ni kwamba likiibwa au kuungua, ni hasara yangu yote. Mtu alijue hilo kabla hajatia pesa.

Mafuta nayo. Mjini inakwenda kilomita saba kwa lita, nane nikibahatika. Septemba 2023 petroli Nairobi ilivuka shilingi 211, na mwezi uliofuata ikapanda tena. Siku za kazi napanda matatu. Pijo ni ya kanisani, ya sokoni Jumamosi, ya harusi na misiba, na ya Voi. Kaka aliwahi kuniambia ningechukua mkopo nikanunua kagari kadogo kutoka Japani, na alikuwa na hoja. Lakini sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mwaka 2023 hata dogo kabisa lingekuwa la 2016 kuja mbele, na bei ilikuwa zaidi ya milioni moja. Nilikuwa na 320,000, na sikuwa nazo kwa pamoja. Zilikuja mwezi kwa mwezi. Gari la zamani lilinivumilia nilipe kidogo kidogo. Kwa mtu ambaye kazi yake inamtaka afike saa mbili kamili kila siku kwa gari lake mwenyewe, nisingemshauri.

Spea bado zipo, ila si kama zamani. Ninapokwenda Grogan nabeba kipuri kilichoharibika mkononi, nakilinganisha na kipya juu ya kaunta kabla ya kutoa pesa, na naomba kubaki na cha zamani. Vitu vingine hupatikana kwenye Pijo zilizochinjwa tu. Nimenunua feni nzima ya akiba kwa njia hiyo, na imefungwa kwa gazeti chini ya kitanda changu.

Agosti iliyopita tulikwenda Voi tena. Tulipokuwa tukirudi, sindano ilikaa katikati njia nzima, lakini Makindu niliingia hekaluni hata hivyo. Tulikunywa chai. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 17 na ameanza kujifunza gia za usukani kwenye uwanja wa kanisa, alifungua boneti mwenyewe akaugusa mpira wa juu wa rejeta kwa mgongo wa mkono, kama mzee alivyomfundisha.

Usiku tulipofika nilichukua daftari nikaandika chini ya mwandiko wa Baba: oili sawa, kulanti sawa, breki haivuti. Mama akaomba kuliona. Alivaa miwani yake, akasoma, akageuza kurasa kadhaa nyuma, kisha akanirudishia.

"Hujaweka tarehe," akasema. "Yeye hakuwahi kuandika bila tarehe."

Nikaweka tarehe.